Ulingo wa Mama Adrian

Kananu alitoa sheria tangu jioni ya kuamkia siku hiyo: mtu asivae nyekundu, mtu asijipake mafuta yenye harufu, na Kiunga asiongee. Hiyo ya mwisho ina jina langu ndani yake, kwa hiyo mjue nilionewa kabla hata hatujaamka.

Kufikia hapo sikuwa nimeelewa kwa nini mtu mzima, mwenye akili na cheti cha kidato cha nne, atoke Meru mpaka chini ya Gachoka, mwezi wa Julai, baridi ikiuma masikio, kwenda kuona ndege. Meru ndege wako. Wanakaa juu ya waya za stima na kuzichafua nguo tulizoanika, na hakuna anayewaendea safari. Lakini Kananu ni rafiki yangu tangu sekondari, Njiru vilevile, na korongo lenyewe liko karibu na kwa kina Njiru. Tukalala kwao.

Tena kwa Kananu safari haikuwa ya mchezo. Kambi moja ya watalii, upande wa mbuga, ilikuwa inatafuta mtu wa kufunzwa kazi ya kuongoza wageni wanaokuja kuona ndege. Waombaji walikuwa wengi, kwa hiyo wenye kambi wakasema kila mmoja atume video aliyoipiga mwenyewe: ndege wa porini akifanya jambo la maana, na sauti ya mwombaji ikieleza kinachotendeka. Mwisho wa kutuma ilikuwa siku hiyo hiyo, kabla ya usiku kuingia. Kananu alikuwa na ndege wake tayari, tai mweusi ambaye Njiru alikuwa amemwona na kiota kwenye ukuta wa korongo. Alitaka kumnasa baba tai akimletea mtoto chakula. Video ikikosa, mama yake alikuwa ashapanga: anakwenda Mitunguu kwa mjomba wake kuchunga kuku.

"Si unapenda ndege?" mama alimwambia. "Kuku ni nini, ni mbuzi?"

Mimi swali hilo nililiona la maana sana, lakini Kananu alikuwa ameshika darubini, na darubini ni nzito. 

Tulifika kukiwa na ukungu. Nilikuwa nimevaa jaketi mbili na kofia ya marvini iliyofunika mpaka nyusi, kwa sababu Njiru alituapia kwamba Mbeere ni joto, na mimi namjua Njiru. Tulikuwa tunapita katikati ya shamba la uwele, masuke yamesimama wima kama mikia ya paka waliokasirika, mara ardhi ikaisha. Sina namna nyingine ya kusema. Hapa ni shamba, hapa ni hewa. Chini kabisa mto ulisikika bila kuonekana, na ng'ambo ukuta wa mwamba ulikuwa umesimama, mwekundu, mahali pamoja umechirizika weupe kama fundi aliyemwaga rangi akatoroka. Mimi nauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mchirizi nikiuona naujua.

"Ule weupe ni nini?" nikanong'ona.

"Ni mavi," Kananu akasema, uso umejaa furaha kama ameonyeshwa pete. "Kiota kiko hapo juu yake."

Nikamwangalia mtu aliyefurahi hivyo kwa sababu ya mavi, nikaona bora niitii ile sheria yangu.

Pale ukingoni kulikuwa na ulingo: nguzo za miti, sakafu ya fito, paa la nyasi lililochakaa. Ukikaa juu yake unaliona shamba lote upande huu, na upande wa pili unaangaliana na kile kiota uso kwa uso.

"Shamba ni la Mama Adrian," Njiru akasema. "Ngojeni hapa niende kwake nyumbani nimwombe ruhusa. Na msiharibu kitu cha mtu."

Akapotelea kwenye ukungu. Hata hatujakaa chini, uwele ukatikisika, akatokea mama mmoja kutoka katikati ya masuke, amejifunika gunia mabegani, kombeo mkononi, debe kwapani. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeshinda jikoni kwenye moshi.

"Watoto wangu, mmetoka wapi?"

"Meru, mama," Kananu akasema. "Wewe ndiwe Mama Adrian? Tulikuwa tunakutafuta. Tunaomba utukubalie tupande pale kwenye ulingo wako."

Mama Adrian akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama angependa kupewa ng'ombe.

"Mpande nyinyi?"

"Ukiturudishia jibu zuri."

"Na mtakaa?"

"Tutakaa, mama. Hata mpaka giza," Kananu akasema. "Hatuna haraka."

Yule mama akaweka debe chini. Akamshika Kananu mashavu yote mawili. Halafu akanigeukia mimi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akafumba macho, akaanza kuomba. Aliomba Kimbeere, na mimi Mmeru nikafuata kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya: nikasikia Mungu, nikasikia uwele, nikasikia mtoto, nikasikia hospitali. Mwisho akasema, "Ngai amurathime," yaani Mungu awabariki, tukasema amina. Akanivisha kombeo shingoni kama nishani. Akamwachia Kananu debe na kijiti cha kuligongea, akatuachia na thermosi ya uji, kisha akaondoka, hatua ya kwanza akitembea, nyingine zote akikimbia.

"Watu wa huku ni wakarimu," nikasema. "Kananu, mimi hata siku ya kipaimara sikuombewa hivyo."

"Sheria," Kananu akasema, akapanda.

Nilipanda nyuma yake nikiwa na maswali. Debe la nini? Hospitali ya nani? Kombeo nalo, au ni la kujikinga na tai? Lakini sheria ni sheria. Kananu alikuwa ameazima simu ya dada yake yenye kamera ya maana, akaifunga kwenye fito kwa mpira wa baiskeli, jicho la darubini limekaa mbele ya kamera, na kwenye kioo kile kiota kikaonekana karibu kana kwamba unaweza kukinyooshea mkono. Ni rundo la vijiti. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe chenye manyoya, kinayumbisha kichwa kama mlevi wa asubuhi.

"Ndiye mtoto," Kananu akanong'ona. "Na yule pale kwenye mwamba, mweusi, ndiye mama yake. Baba ameenda kuwinda pimbi. Akirudi lazima tuwe kimya kabisa. Akisikia kitu kigeni anageuza, na akigeuza sijui atarudi lini."

Tukangoja. Ukungu ukainuka kidogo, baridi ikabaki. Nikanywa uji. Kananu hakunywa, alikuwa amemkazia macho mama tai mpaka nikamwonea huruma tai.

Ndipo wakaja wale wadogo. Kwanza nilidhani ni moshi: wingu la hudhurungi likipinda hewani, likikunjuka, likikunjika, halafu likamwagika juu ya uwele, ffrrr, na shamba lote likaanza kusema. Videge vyenye midomo myekundu, kila suke na chake, vinachokora.

"Kwelea," Kananu akanong'ona. "Angalia wanavyogeuka pamoja! Kiunga, umewahi kuona kitu kizuri hivyo?"

"Wanakula," nikasema.

"Ndiyo. Ndege hula."

Hilo nililielewa. Ambalo sikulielewa ni jirani mmoja. Kwenye shamba la pili kulikuwa na ulingo mwingine, na juu yake mwanamume wa koti la buluu. Alikuwa anagonga debe na kurusha mikono kutuelekea. Nikampungia. Akarusha mikono zaidi, akapaza sauti, maneno yakipotelea kwenye upepo. Nikampungia kwa mikono miwili. Akavua kofia akaitupa chini.

"Huyu amefurahi sana kutuona," nikasema.

"Kaa chini, unatikisa simu."

Hapo ndipo Njiru alipotokea, anakimbia katikati ya masuke, na kila anapopita kwelea wanaruka mbele yake na kutua nyuma yake.

"Nyinyi! Shukeni huko!" akasema, sauti ya chini lakini yenye meno. Halafu akashika kichwa. "Hapana, msishuke! Mkishuka ni mbaya zaidi. Nani aliwapandisha?"

"Mwenyewe," nikasema. "Na akatuombea."

"Mwenyewe nimekutana naye barabarani, amevaa rinda la kanisa, anapanda boda kwenda Embu. Amenishukuru mpaka nikaona haya. Eti nimemletea watu wa kuamia."

"Kuamia ni kufanya nini?"

"Ni kufukuza ndege wasimalize nafaka, bwege wewe! Unafikiri ulingo ni wa kupigia picha? Huku mtu akiomba kupanda ulingo wako na wewe ukashuka, zamu ashapokea. Haiachi mpaka urudi. Hiyo kila mtu anajua."

"Sisi hatujui," nikasema. "Sisi kwetu ni majani chai."

Na hiyo ni kweli. Kule kwetu juu sijawahi kuona ndege akila majani chai. Ningejulia wapi?

Njiru akaeleza haraka. Binti ya Mama Adrian alikuwa amejifungua hospitalini Embu, na mama wa watu hajapata kumwona mjukuu kwa sababu uwele umekomaa na ndege hawana likizo. Adrian yuko Nairobi, simu anashika akitaka. Jirani hawezi kulinda mashamba mawili. Sasa leo asubuhi wametokea Wameru wawili kwenye ukungu, wakaomba wenyewe, tena kwa adabu, wapewe ulingo.

"Mimi niliomba mahali pa kukaa," Kananu akasema.

"Pa kukaa mpaka giza. Ulisema, hukusema?"

Kananu akarudi kuangalia kiota. Alikuwa amesema.

"Na yule?" nikauliza nikimwonyesha wa koti la buluu. "Ametusalimu tangu asubuhi."

Njiru akasikiliza kidogo. "Anauliza kama mama yako alizaa mtu au alizaa gogo. Ndege msiowafukuza hapa wakimaliza wanahamia kwake."

Nikaacha kupunga. Kichwa changu kilikuwa kimejaa kama gunia lililotiwa vitu vya watu tofauti. Tumetoka nyumbani kuona ndege, kumbe tumepokea kazi ya kuwafukuza. Mmoja tunayemtaka akisikia sauti anakimbia, na wengine wote wasiposikia sauti hawaendi. Sasa tupige kelele au tunyamaze?

"Tupige debe," Njiru akasema.

"Ukigusa hilo debe," Kananu akasema, "mimi na wewe tumemalizana. Baba tai hajarudi tangu asubuhi. Yuko karibu. Njiru, nipe hiyo nafasi moja tu. Nikiikosa nakwenda kunusa kuku maisha yangu yote."

"Na uwele?"

Kananu akaangalia uwele. Kwelea walikuwa wameinamisha masuke kwa uzito wao. Akajing'ata mdomo.

"Kule chini ya shamba hakuonekani kutoka kwenye kiota, kuna mwinuko," akasema. "Kimbieni huko. Wafukuzeni bila sauti."

Niulizeni mimi kufukuza ndege bila sauti ni nini. Ni kuvua jaketi, baridi ile, ukaishika mikono na kuizungusha juu ya kichwa huku unakimbia umefunga mdomo, na Njiru upande wa pili anafanya hivyo hivyo na sweta, nyote wawili mnahema kwa pua kama fahali. Kwelea waliruka. Walikwenda mpaka pale mwisho, wakatuangalia, wakarudi walipokuwa. Tukakimbia tena, wakaruka tena, wakarudi. Nadhani wengine walibaki kukaa ili waone mchezo vizuri. Jirani naye aliacha kugonga debe lake kabisa. Alikaa chini kwenye ulingo wake, akaegemea nguzo, akatutazama kwa utulivu wa mtu aliyekuja kanisani.

Mara Kananu akatupungia mkono tuache. Tukalala chini kwenye uwele kama wezi.

Nilimwona hata bila darubini. Alitokea juu ya korongo bila kupiga bawa, mweusi tititi, na alipojipinda mgongo wake ukaonyesha alama nyeupe kama mikanda ya begani ya suruali ya babu. Chini yake kulikuwa kunaning'inia kitu. Pimbi. Kule kiotani yule mtoto mlevi akasimama. Mama tai akafungua mdomo, akaita mara moja, sauti nyembamba. Nawaambia ukweli, mimi ambaye ndege nawajua wa kwenye waya, shingo ilinisisimka.

Na papo hapo mbingu ya upande wetu ikawa nyeusi. Lile kundi la asubuhi lilikuwa la kuonja tu. Hili lilikuwa kundi lenyewe. Liliinuka kutoka ng'ambo ya mto, likapita juu ya korongo kama blanketi linalokung'utwa, likashuka. Likashuka katikati ya shamba la Mama Adrian, mahali masuke yalipokuwa mazito, na sauti ya midomo ikawa kama mvua kwenye mabati.

Njiru akaniangalia. Mimi nikamwangalia Kananu.

Kananu alikuwa amesimama juu ya ulingo, kidole kimoja kwenye simu. Tai alikuwa anazunguka mara ya mwisho, anashuka. Kananu akatazama tai. Akatazama uwele. Akatazama tai. Akafungua mdomo, nikajua sasa anaanza kueleza video yake kama wenye kambi walivyotaka.

"HAAAAAA!" Kananu akapiga kelele. "HAA! TOKENI! TOKENI KWA WATU! HAAAA!"

Akaokota debe akaligonga kama lina deni lake. Blanketi lote likainuka. Kule korongoni yule tai akakunja bawa moja, akageuza, akateremka na mto na pimbi wake, akaisha.

Njiru alikuwa tayari anapiga mbinja na kurusha mawe. Nikapanda ulingoni.

"Kananu, umefanya nini?"

"Sijui," akasema. Alikuwa analia na kugonga debe kwa wakati mmoja. "Usiniulize. Rusha mawe."

Nikarusha. Jiwe langu la kwanza lilitoka kwenye kombeo kwa nyuma na kupita karibu na sikio la Njiru, ambaye alisema mambo fulani juu ya ukoo wangu. La pili lilikwenda juu na sijui lilitua wapi mpaka leo. Lakini kelele nilikuwa nayo, na sheria yangu ilikuwa imekufa. Niliwaimbia kwelea nyimbo za shule, niliwasomea majina ya rangi zote zilizo dukani, niliwatukana kwa Kimeru, nikaona wanaogopa matusi ya mtu mmoja tu, ambaye ni mwalimu wetu wa zamu kule sekondari, nikawa namwiga yeye. Kananu alikuwa juu ya ulingo, anapiga kelele bila kupumzika, zile kelele za mtu mwenye hasira na jambo ambalo halipo hapo. Njiru alikuwa chini. Kundi likija, tunainuka nalo. Likienda kwa jirani, jirani anatusukumia tena. Mchana ukapita hivyo. Hakuna aliyetaja video.

Alasiri sauti ya Kananu ikaanza kukwaruza. Akaendelea. Baadaye ikawa inatoka nusu neno, nusu hewa. Akaendelea. Wakati jua lilipopata upenyo chini ya mawingu, rangi ya chungwa, yeye alikuwa anafungua mdomo na kinachotoka ni kama mlango wa choo cha shule.

Halafu kwelea wakaondoka. Hatukuwafukuza. Waliinuka wote wenyewe, kundi juu ya kundi, wakaenda kulala, kila kitu kikanyamaza. Masikio yangu yalikuwa bado yanagonga debe. Tulikaa kwenye zile fito watatu, tumechoka, mimi nikitafuta kama uji umebaki.

Kananu akanifinya paja. Nikapiga yowe, akaniziba mdomo.

Alikuwa anarudi. Mwanga ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo, umeupiga ule ukuta mwekundu wote, na tai akaja chini, karibu kuliko mara ya kwanza, pimbi ananing'inia. Sijui kama alikuwa pimbi yule yule. Kananu akabonyeza simu. Tai akatua kwenye kiota. Mtoto akamrukia. Baba akasimama pembeni kama mgeni aliyeleta sukari, na mama akashuka kutoka kwenye mwamba akashika pimbi, akaanza kurarua vipande vidogo vidogo.

Sasa mwombaji alitakiwa aeleze. Kananu akafungua mdomo. Haikutoka kitu. Akameza mate, akajaribu tena. Akaniangalia, na mimi nikainua mikono: sheria ilisema sauti ya mwombaji, na mimi ningesema nini? Kwamba yule mweusi amemletea yule mweusi nyama?

Akaikaribia simu mpaka midomo ikaigusa, akaanza. Ilikuwa sauti ya mtu anayenyongwa taratibu. "Huyu... ni dume... ameleta pimbi... jike ndiye analisha..." Kila neno alilivuta kutoka tumboni kama ndoo kisimani. Mimi na Njiru tulizuia hata pumzi. Alisema mpaka tai akaruka na kuondoka, kisha akabonyeza, akalala chali juu ya fito.

Mama Adrian alitukuta hivyo. Bado alikuwa na rinda la kanisa.

"Ni mvulana!" akasema kabla hata ya salamu. "Ana masikio ya baba yake, maskini, lakini yatamkaa." Halafu akatembea shambani. Tulimwona akisimama pale katikati, mahali ambapo masuke yalikuwa yamebaki vijiti. Akavunja suke moja la pembeni, akalisugua kiganjani, akapuliza makapi, akatafuna.

"Hapa asubuhi mlilala?" akauliza.

"Mama, tulichelewa kuelewa," nikasema.

Akatafuna tena, akimwangalia Kananu, ambaye alitaka kuomba msamaha, kinywani ikatoka hewa tupu.

"Huyu sauti imeisha yote?"

"Imeisha hapa hapa shambani."

"Basi amefanya kazi," Mama Adrian akasema. "Masuke mengine yamebaki. Kesho mnakuja saa ngapi?"

"Kesho ni Njiru," nikasema haraka, na Njiru, kwa sababu huyo ni jirani wa mama yake, hakuweza kukataa.

Mtandao kule unashika mahali pamoja, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya choo cha kina Njiru. Tulipanda tukasimama kama mbuzi, video ikapanda polepole, ikafika wakati kungali na mwanga kidogo upande wa mlima. Kananu alikaa chini akakumbatia magoti. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuanza kuzoea harufu ya kuku.

Simu ikaita. Namba ngeni. Kananu akanisukumia kifuani kana kwamba inaungua. Nikaiweka sauti ya juu.

"Hallo, ni Kananu?" Mwanamume, sauti ya mtu aliyekalia kiti cha kuzunguka.

Kananu akanifanyia ishara nyingi kwa pamoja. Nikachagua moja. "Ndiyo," nikasema.

"Una mafua?"

"Ni Julai, bwana."

"Hm. Nimeona video. Umesema aliyeleta pimbi ni dume. Ulijuaje?"

Nikamwangalia Kananu. Akapanua mikono yote, akajionyesha yeye. Halafu akabana vidole pamoja, padogo kabisa, akanionyesha mimi. Nikajua ananitukana, na wakati wenyewe si mzuri. Akarudia kwa hasira.

"Kwa sababu," nikasema pole pole, "mwanamke ndiye mkubwa. Mwanamume ni kitu kidogo tu."

"Sawa kabisa," akasema yule mtu.

Nilishangaa kuliko mtu yeyote pale kichuguuni.

"Sasa niambie," akaendelea, "mbona kwenye video unasikika kama mtu anayekabwa, na hapa unasikika kama mwanamume?"

Uongo ukaniishia. "Bwana, mimi naitwa Kiunga, nauza rangi. Kananu yuko hapa. Sauti imemwisha kwa kufukuza ndege."

"Kwa kufanya nini?"

"Kufukuza ndege. Kutoka asubuhi."

"Hebu nielewe," akasema, na mimi nikamwonea huruma maana najua hali hiyo. "Huyu anaomba kazi ya kuonyesha wageni ndege, na leo ameshinda akiwafukuza?"

Kabla sijajua nijibu nini, Kananu akaninyang'anya simu. Akasema kwa ile hewa iliyobaki, neno moja moja, na mishipa ya shingo imesimama:

"Uwele... haukuwa wangu." Akapumua. "Tai alikuja mchana... nikamfukuza mimi mwenyewe. Akarudi."

Nikaangalia kama mtandao umekatika. Haukuwa umekatika.

"Pumzisha hiyo sauti, dada," yule mtu akasema mwishowe. "Jumatatu asubuhi uje kambini, uanze kufunzwa. Na huyo muuza rangi umwache huko huko."

Akakata.

"Amesema aanze?" Njiru akauliza.

"Amesema niachwe," nikasema. "Mimi nimemfanyia nini?"

"Lakini amesema aanze."

"Hayo ya kuanza nimesikia. Nauliza haya yangu."

Tukamgeukia Kananu atuambie kama tumesikia sawa. Alikuwa amesimama juu kabisa ya kichuguu, mikono juu, mdomo wazi wote mpaka meno ya nyuma yanaonekana, anapiga ukelele wa nguvu zake zote, na haikutoka sauti hata ya mbu.

Basi tukampigia sisi.